Makopo Matano ya Mwalimu Octavian Modest Lusangija (1951–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum kwa majirani zetu waliotoka mjini kuja kutusindikiza. Wazee wetu wa Usoke, mwangaluka.

Wasifu huu umeandikwa na Levina, mtoto wa pili wa marehemu, lakini humu ndani Levina anatajwa kama mtu mwingine kabisa. Ameona afadhali iwe hivyo, kwa sababu baadhi ya mambo yanamhusu na yana aibu kidogo, na aibu ya mtu mwingine husomeka vizuri zaidi mbele ya watu.

Wengi mlimfahamu marehemu kwa jina la Mwalimu Funga Daftari. Katika miaka yake hamsini na moja ya kufundisha, darasani na barazani kwake, alihangaika na jambo moja tu: je, mwalimu akiondoka, kinabaki nini? Hakujali sana mtoto anajua nini leo, mbele ya ubao. Alitaka kujua atakuwa na nini baada ya mwaka, akiwa peke yake, na mwalimu hayupo. Swali hilo lilimpa raha, likamtesa, na mara moja likamtia aibu mtaa mzima ukiangalia.

Mwalimu Octavian alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, Usoke, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Modest Lusangija na Mama Martha Kalunde. Mzee Modest alilima karanga na mahindi, na baadaye tumbaku, kama jirani zake. Mwaka 1964 Octavian aliachwa siku moja alinde moto wa bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia tumbaku. Kazi yenyewe ni uvumilivu mtupu: kuni moja sasa, nyingine baadaye, joto lipande polepole kwa siku kadhaa. Lakini siku hiyo timu ya mpira ilikuwa inashuka na treni kutoka Tabora, na Octavian alitaka kuiona. Akajaza kuni za siku nzima kwa mkupuo, akafunga mlango, akakimbilia stesheni. Aliporudi majani yalikuwa yamepata rangi nzuri kabisa, ya dhahabu, na baba yake akamsifu. Wiki moja baadaye marobota yote ya majani hayo yalikuwa yameota ukungu kwa ndani. Mzee Modest hakumpiga. Alilipasua jani moja mbele yake, akamwonyesha mshipa wa katikati, bado una maji.

"Umekausha uso wa jani," alimwambia. "Huu mshipa hata habari za moto haujazipata."

Masomo alianza mwaka 1961 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, kisha akachaguliwa kwenda sekondari mjini Tabora. Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe aliusema kila alipopata wasikilizaji: alikuwa bingwa wa kukariri. Aliweza kuumeza ukurasa mzima pamoja na namba yake ya chini, akautapika asubuhi bila kuacha nukta. Wenzake walimwogopa. Juma lililofuata ukimuuliza jambo lile lile alikutazama kama umemsalimia kwa Kichina. Mtihani wa kidato cha nne mwaka 1971 ulitaka mambo ya miaka minne kwa pamoja, naye aliingia nayo kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Alipita kwa kukwaruza. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ualimu, na mwishoni mwa 1973 akatoka na cheti cha daraja la A.

Januari 1974 alipangiwa shule moja ya upande wa Tura, kwenye reli ya kati. Alifundisha kama alivyofundishwa. Kila somo alilitungia wimbo, na sauti alikuwa nayo. Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa misafara ya zamani: ulianzia Bagamoyo, ukataja vituo kimoja kimoja hadi Ujiji. Wazazi walisimama madirishani kusikiliza. Mwalimu alivimba kichwa.

Mwezi Julai 1975 aliugua homa ya ini, akalazwa wiki tatu mjini Tabora. Akiwa huko mkaguzi wa shule, Bwana Sadiki, mtu mpole asiye na haraka, aliingia darasani kwake. Akauliza swali ambalo aliliona ni la kuwapa moyo, kwa kuwa jibu lilikuwa karibu na miguu yao.

"Msafara ukiondoka hapa Tura kuelekea magharibi, kituo kilichofuata ni kipi?"

Mwishowe msichana mmoja, Apolinaria, alisimama kwa heshima zote.

"Bwana mkaguzi, wimbo hauanzii hapo."

"Unaanzia wapi?"

"Bagamoyo."

Bwana Sadiki akawaruhusu waanzie Bagamoyo. Waliimba vizuri hadi Mpwapwa, wakapotea Ugogo, wakarudi Bagamoyo. Mara ya pili wakapotea pale pale. Mara ya tatu pia. Watoto wa Tura, wamekaa Tura, na msafara wao haukufika Tura. Mwalimu aliporudi kutoka hospitali alikuta kwenye kitabu cha wageni mstari mmoja wa mkaguzi: "Wanafunzi wanaimba vizuri."

Mstari huo ulimuuma kuliko homa. Alisema angetukanwa angelala. Bi Apolinaria yupo hapa leo, ni mwalimu mkuu mstaafu, na anaomba muache kumwimbia.

Desemba mwaka huo Mwalimu alikwenda Tabora kwenye semina, akapanga chumba katika ua wa Bi Tufaha binti Azan, mjane wa ukoo wa Kiomani ulioingia mjini tangu enzi za misafara. Bi Tufaha aliuza vitambaa asubuhi, na jioni alifundisha wasichana Kurani barazani kwake. Mwalimu alikaa mlangoni pa chumba chake siku mbili akitazama. Msahafu ulikuwa umefungwa. Bi Tufaha alitaja mahali popote, katikati ya sura, na msichana akaendelea kutoka hapo. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba muda mwingi hawakusoma kipya. Siku ya tatu akaamkia.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba, mwalimu. Mbona umeganda hapo mlangoni?"

"Naona unawauliza ya jana na ya wiki iliyopita. Hawa watamaliza lini?"

Bi Tufaha akacheka. "Kwani tunakimbizwa? Kipya ni mgeni, mwanangu. Ukimkaribisha mara moja ukamsahau barazani, ataondoka bila kuaga. Kesho mchungulie. Baada ya siku mbili tatu mchungulie tena. Akishaizoea nyumba, hata ukikaa mwezi hujamwona, yumo."

"Na wakiwa wameshasahau kidogo?"

"Ndiyo vizuri. Watahangaika wakitafute. Kitu ukikitafuta mwenyewe ukakipata, hakikupotei tena upesi. Mimi nikiwatajia, nimekipata mimi, wao wamesikia tu."

Mwalimu alisema kwamba hapo ndipo alipolikumbuka lile bani la baba yake, akaona alivyokuwa akikausha nyuso za watoto wa watu kwa miaka miwili. Alirudi Tura na maboksi matupu ya sabuni na makopo matano ya maziwa ya unga. Maboksi aliyakata kadi. Mbele swali, nyuma jibu. Kopo la kwanza lilifunguliwa kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki, la nne kila mwezi, la tano mwisho wa muhula. Mtoto akijibu bila kuchungulia, kadi inasonga kopo la mbele. Akikosa, hata kama kadi ilishafika la tano, inarudi la kwanza, na watoto wakaliita kopo hilo rumande. Nyimbo hazikufutwa, lakini sasa mwalimu alizikata katikati, kwenye kituo chochote: "Anzia Rubuga!" Wazazi walilalamika kwamba burudani imekwisha.

Juni 1977 Bwana Sadiki alirudi. Mwalimu alimsalimia, akamkabidhi chaki, akatoka. Alivuka reli, akaenda kukaa stesheni, akanunua asali ambayo hakuihitaji. Alisema ile nusu saa ilikuwa ndefu kuliko wiki tatu za hospitali, maana alijua kinachopimwa mle ndani ni yeye asiyekuwepo. Mkaguzi alipotoka alimpa mkono tu. Kwenye kitabu aliandika: "Hawaimbi tena. Wanajibu."

Tarehe 26 Novemba 1977, Jumamosi, Mwalimu alifunga ndoa takatifu na Bernadeta, binti wa Mzee Tobias, fundi wa reli hapo Tura. Bernadeta aliishia darasa la nne, na hakuwahi kuliona hilo kuwa sababu ya kumwogopa mwalimu. Siku ya posa Octavian alifika akiwa na kadi kumi na moja mfukoni, zenye majina ya wajomba, mashangazi na mama wadogo wa upande wa mchumba, na kila mmoja anaishi wapi na analima nini. Alikuwa amezizungusha kwa wiki tano. Ukweni akawasalimia wote kwa majina, bila mpangilio, hata wale aliokuwa hajawahi kuwaona. Shangazi mkubwa akamvuta Bernadeta jikoni. "Mayu, huyu ametumwa na polisi?" Posa ikapita. Mungu aliwajalia watoto watatu: Wilbroad, Levina na Dionis.

Mwaka 1984 alihamishiwa Tabora mjini, na mwaka 1991 familia ikahamia Itetemia, kwenye nyumba ambayo nusu yenu mmewahi kufukuzwa barazani kwake kwa kosa la kufungua daftari. Jumanne na Ijumaa jioni walikuja watoto wa shule yoyote, wa dini yoyote. Wajukuu wa Bi Tufaha, Sheima na Murtadha, walikuwa wa kwanza kufika, kwa amri ya bibi yao. Mwalimu alikuwa na maneno yake. Aliyepaka madaftari rangi nne aliambiwa, "Umelipamba kama bibi harusi, sasa litaolewa wewe utabaki." Aliyesoma sura moja mara kumi akasema ameielewa aliambiwa, "Unaifahamu sura yake. Jina lake je?" Aliyefanya hesabu ishirini za aina moja alipewa tano za aina tano, zimechanganywa, kwa sababu mtihani haupigi hodi kusema ni mlango gani unaingia. Na aliyekuja siku moja kabla ya mtihani macho mekundu kwa kukesha, alirudishwa nyumbani akalale. Usingizi, alisema, ndio unaopanga vitu kabatini.

Sharti lake gumu kuliko yote lilikuwa kila mtoto amfundishe mtu wa nyumbani kile alichojifunza. Mwalimu aliamini kwamba anayefundisha hukumbuka mara mbili. Matokeo yake kufikia mwaka 1998 vikongwe wa Itetemia walikuwa wanajua usanisinuru. Mmoja alikuja kulalamika kwamba anachotaka ni kula mchicha wake, siyo kuambiwa mchicha nao unakula nini.

Sasa tufike kwenye ile aibu. Mwaka 2001 Levina, binti wa Mwalimu Funga Daftari, alifanya mtihani wa kidato cha nne akashindwa. Mwaka 2002 akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akashindwa tena. Aliutaka uuguzi, na chuo kilitaka biolojia na kemia. Yeye masomo hayo mawili alikuwa nayo kwa herufi ya mwisho, F. Mtaani wakasema mganga hajigangi. Watoto wa barazani, waliokuwa wanafaulu kila mwaka, waliacha kumtazama usoni, na hilo lilimuuma kuliko masengenyo. Nyumbani wakakubaliana: mwaka 2003 ndiyo mara ya mwisho. Ikishindikana, Levina anakwenda Usoke kwa shangazi yake kujifunza ushonaji. Cherehani ilikuwa imeshaandaliwa, imefunikwa kwa kitenge, na Levina aliiona kila alipofumba macho.

Na siyo kwamba baba hakuwa anamsaidia. Alikaa naye kila jioni. Kosa lilionekana na mama, siku moja akichambua mchele. Mwalimu aliuliza, "Damu ikitoka kwenye moyo kwenda mapafu inapita mshipa gani?" Levina akafungua mdomo, akasita, akatazama dari. Kabla hata hajameza mate, baba akalitaja jibu. Levina akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, nilikuwa nalijua." Swali la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo.

"Baba Wilbroad," mama akasema, "mtihani huu unaufanya wewe?"

"Namsaidia mtoto."

"Watoto wa wenzio unawaacha wanyamaze mpaka nzi wanatua. Huyu wako hata sekunde moja humpi."

Baadaye Mwalimu alikiri, na alikiri mbele ya wanafunzi wake wote, kwamba kimya cha mtoto wa mtu mwingine alikisikia kama kazi inafanyika, lakini kimya cha Levina alikisikia kama mtoto anazama. Asingeweza kusimama ukingoni akatazama. Kwa hiyo kila jioni, kwa miaka miwili, alikuwa anakumbuka yeye na binti anasikia. Alikuwa amejenga kitu kinachosimama akiwepo tu, kwa mtu anayempenda kuliko wanafunzi wote.

Jioni iliyofuata mama alileta muwa. Alimmenyea Mwalimu kipande kirefu, akamwambia, "Uliza, kisha tia hiki mdomoni. Levina asipojibu, tafuna." Ndivyo walivyofanya tangu Juni hadi Oktoba. Mwalimu aliuliza, akatafuna. Levina alinyamaza, akalia mara mbili tatu, akakosea, kadi zikarudi rumande, na Mwalimu akatafuna huku machozi yanamlenga. Julai kadi zilianza kutoka. Septemba nyingi zilikuwa kopo la nne. Mwalimu alipoteza jino moja la nyuma katika zoezi hilo, na siku zote alilitaja kama ada ya mtihani ya Levina. Matokeo yalipotoka Levina alipata C ya biolojia na D ya kemia, na chuo kikampokea. Ni muuguzi mpaka leo. Cherehani ile anayo Dionis, anashonea mashati, na anashona vizuri kuliko Levina alivyoweza kushona maisha yake yote.

Mwalimu alistaafu utumishi tarehe 14 Machi 2011, akaendelea na baraza lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili ya tarehe 6 Februari 2022, akijiandaa kwenda Misa, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi baada ya miezi michache. Maneno ndiyo yaliyogoma. Alielewa kila alichoambiwa, akajua anataka kusema nini, lakini neno lenyewe halikuja, au lilikuja la jirani. Kijiko alikiita Kigoma. Wilbroad alimwita Jumanne. Wageni waliokuja kumwona, kwa huruma zao, walimsaidia: akianza tu kutafuta neno walimtajia, na yeye akaitikia kwa kichwa na kuchoka zaidi. Levina, aliyejua kidogo mambo haya kwa kazi yake na sana kwa maisha yake, aliwaambia watu wamwache atafute. Waliitika na kuendelea kumtajia. Basi mama akaanza kuwapokea wageni kwa miwa. Mliotafuna muwa nyumbani kwetu mwaka ule mkidhani ni ukarimu, tunaomba radhi.

Kadi mpya alizitengeneza mama mwenyewe, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Alianza na kijiko, sahani, kanzu, mvua. Kisha akaendelea na maisha ya mumewe: ulizaliwa wapi, lini, baba yako alilima nini, uliugua mwaka gani, tulifunga ndoa lini. Kila asubuhi baada ya uji walikaa na makopo matano, mama akiuliza, Mwalimu akitafuta. Mama alisubiri. Majirani wanasema walipita wakamkuta mama amenyamaza na baba amenyamaza, wakafanya shughuli zao, wakarudi, bado wamenyamaza, na wote wawili hawana wasiwasi hata chembe. Kufikia mwaka 2024 Mwalimu alikuwa anazungumza sentensi nzima, polepole, na watoto wachache walikuwa wamerudi barazani. Alisema ni mwalimu bora sasa kuliko mwanzo, kwa kuwa hawezi tena kuwahi kujibu. Wale waliomwona siku hizo watashuhudia kwamba alikuwa na furaha.

Juni mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, pumzi ikapungua. Aliomba awe nyumbani. Alhamisi ya tarehe 7 Agosti, asubuhi, watoto wote wakiwa wamezunguka kitanda, aliinua kidole kuonyesha kwamba anataka kusema. Wilbroad akazima redio. Dionis akatoa kitambaa. Mwalimu alitafuta neno kwa muda mrefu sana, na kila mtu moyoni alikuwa ameshamwandalia wosia. Neno likapatikana. "Sukari," alisema. Uji haukuwa na sukari. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na Mwalimu naye alicheka mpaka tukamwogopea pumzi. Aliumaliza uji wote.

Alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi alasiri, nyumbani kwake Itetemia, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jumapili watoto walikaa sebuleni kuandika wasifu huu kwa ajili ya kitabu cha ibada, na hapo ndipo walipogundua kwamba hawajui. Alianza shule mwaka gani? Alihamia Tabora lini? Mkaguzi alikuja mwezi upi? Vyeti vilikuwa ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake haukuonekana. Wilbroad alisema kitu ambacho kila mtu katika nyumba hii amekisema maisha yake yote: "Tumuulize baba." Kisha akafunika uso kwa mikono. Ndipo Levina, aliyekomazwa na vitanda vya wagonjwa, alipolia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kanga kichwani. Hakuinua uso. Alisema, "Andikeni." Akaanza Usoke, Jumatano, tarehe 14 Machi 1951. Hakuwa na karatasi wala kadi. Alipofika mahali akanyamaza, hakuna aliyemtajia, na baada ya muda akaendelea. Miaka mitatu alikuwa akidhani anamfundisha mumewe. Kila tarehe mliyoisikia leo imetoka kichwani mwa Bernadeta. Jumatatu ufunguo ulipopatikana vyeti vikatolewa, na vyote vililingana na alivyosema, isipokuwa tarehe ya kuzaliwa ya Levina, ambayo mama anasema cheti ndicho kilichokosea, kwa kuwa karani hakuwepo leba na yeye alikuwepo.

Basi jibu la swali la Mwalimu ndilo hili. Alikuwa ameondoka siku moja tu, na mwanamke wa darasa la nne akatoa yote, mwenyewe, Mwalimu akiwa hayupo.

Marehemu ameacha mjane, Bernadeta. Watoto watatu, Wilbroad, Levina na Dionis. Wajukuu wanane, kitukuu mmoja. Dada zake wawili walioko Usoke. Na wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu. Mungu ampumzishe kwa amani, na atuvumilie sisi tunaoanza leo kujibu wenyewe. Amina.